Beringi haifi bila kuaga

BERINGI ya tairi haifi bila kuaga. Wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kuachia kabisa, huanza kuvuma. Mvumo wake ni mzito. Husikika gari likifika mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, hupanda kadiri mwendo unavyopanda na huzimika gari likikaribia kusimama. Dereva huongeza sauti ya redio. Abiria hudhani ni ubovu wa lami. Mwenye gari huambiwa jioni anapopokea hesabu, naye hujibu kwamba gari limalizie wiki kwanza, Jumapili ndipo litaangaliwa.

Kwa wakazi wa Kigera, katika Manispaa ya Musoma, sauti hiyo si ngeni, na sababu zake wanazikanyaga kila siku. Gari la biashara la huku halipiti barabara ya aina moja. Kwa siku moja linaweza kukimbia kwenye lami ya kwenda Nyasho na stendi ya Bweri, likaingia kwenye vumbi na makorongo ya upande wa Majita, kisha likapanda Makutano kuelekea Butiama, au likashika barabara kuu ya Mwanza na Sirari hadi Bunda. Barabara ya Musoma–Makojo–Busekera, yenye urefu wa kilomita 92, wananchi wameililia lami kwa miaka mingi. Kwenye lami nako kuna matuta na rasta. Mvua zikianza, mashimo hujaa maji na dereva hajui kina chake mpaka tairi lizame.

Lakini barabara mbovu haielezi yote. Pesa nyingi zinazoteketea kwenye miguu ya mbele ya magari yetu haziteketezwi na ughali wa spea. Zinateketea kwa sababu tunanunua spea kabla ya kujua kilichokufa ni nini, kisha tunaifunga kwa nyundo. Makosa hayo mawili yanarekebishika hapahapa Musoma, bila kusubiri lami.

Kilichomo ndani ya habu

Beringi ni kifaa kidogo kinachobeba mzigo mkubwa. Ina pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake kuna gololi au roli zinazoviringika juu ya grisi. Wazo la kuweka gololi kwenye ekseli ya gari la kukokotwa lilipewa hataza Uingereza mwaka 1794, kwa jina la Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales. Mwaka 1898 mtengenezaji wa magari ya farasi nchini Marekani, Henry Timken, alipata hataza ya beringi ya roli zilizochongoka upande mmoja. Umbo hilo huiwezesha kubeba uzito unaotoka juu na ule unaosukuma kutoka ubavuni gari linapokata kona. Hadi leo magari yetu yanatembea juu ya mawazo hayo mawili.

Hiace za zamani, zile zinazosukumwa na matairi ya nyuma, zina beringi za roli kwenye miguu ya mbele. Kila tairi lina mbili, kubwa ndani na ndogo nje. Hizi hufunguliwa, huoshwa, hutiwa grisi na kurekebishwa kwa nati. Probox, IST, Corolla na ndugu zao, ambazo ndizo michomoko ya kanda hii, yaani magari madogo ya abiria, zina beringi moja ya gololi mistari miwili iliyofungwa kabisa na kushindiliwa ndani ya naki, chuma cha mguu kinachoishikilia. Hiyo haiongezwi grisi wala haiponyeshwi kwa kukaza nati. Ikianza kuvuma, kinachobaki ni kuibadilisha.

Tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 katika kila kilomita moja. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo safari ya kwenda peke yake ni zaidi ya mizunguko 100,000 kwa kila beringi. Kazi hiyo beringi nzima huimudu kwa miaka mingi. Isichokimudu ni mzigo uliozidi. Wahandisi wana kanuni inayotumika dunia nzima: umri wa beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Maana yake, ukiongeza mzigo juu ya beringi kwa robo tu, umri wake unapungua karibu nusu. Ukiuongeza maradufu, inabaki sehemu moja ya nane.

Hesabu hiyo inawahusu moja kwa moja wanaopakia watu wanane au tisa kwenye gari la watu watano, na magunia au ndoo za dagaa kwenye buti. Mzigo wa buti hulemea zaidi beringi za nyuma, na ule wa watu wawili kwenye kiti kimoja cha mbele hulemea za mbele. Nauli ya yule abiria wa ziada inaonekana leo mkononi, ila gharama yake inakuja baadaye, kwenye duka la spea.

Sikiliza kwanza

Uchunguzi wa mvumo huanzia barabarani. Jambo la kwanza ni kuutenga mvumo wa beringi na ule wa tairi, maana hufanana na huwapotosha hata mafundi wazoefu. Tairi lililolika kwa mawimbi hubadili sauti barabara inapobadilika: likitoka kwenye lami ya kokoto na kuingia lami laini, sauti hupungua au hugeuka. Beringi haijali aina ya lami, ila hufuata mwendo. Ukibaki na shaka, badilisha matairi ya mbele na ya nyuma. Sauti ikihamia nyuma, tatizo ni tairi, na umeokoa pesa ya beringi.

Jambo la pili ni kuitenga na injini. Kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na magari, weka gia nyutro kwa muda mfupi gari likiwa kwenye mwendo, lakini usizime injini kamwe, kwa sababu utapoteza msaada wa breki na usukani. Resi ikishuka na mvumo ukabaki vilevile, acha kuilaumu injini.

Jambo la tatu ni kona. Gari likikata kushoto, uzito huhamia matairi ya kulia. Likikata kulia, huhamia kushoto. Mvumo ukiongezeka unapokata kushoto, anza kushuku beringi ya kulia. Usiishie kwenye kushuku. Ndani ya gari sauti husafiri kupitia mabati, na beringi ya nyuma inaweza kusikika kana kwamba iko mbele. Kipimo hiki hukuonyesha pa kuanzia tu, hukumu hutoka kwenye jeki.

Inua gari, shika tairi

Egesha gari mahali tambarare, zuia matairi yanayobaki chini, piga jeki, kisha weka stendi ya chuma au gogo imara la mti. Tofali na jiwe havifai. Tofali huvunjika ghafla, jiwe huteleza, na fundi aliyelala chini ya gari hana muda wa kutoka.

Shika tairi mkono mmoja juu, mmoja chini. Vuta kwa huu, sukuma kwa ule. Tairi likicheza, kuna kitu kimelegea, lakini bado hujui ni kipi. Hapo ndipo wengi hukosea, wakakimbilia dukani. Mwombe mwenzako akanyage breki na aendelee kukanyaga huku wewe ukitikisa tena. Breki ikishika, disku hufungamana na kalipa, na kalipa imefungwa kwenye naki. Kwa hiyo habu, kitovu kinachofungiwa tairi, haiwezi tena kucheza ndani ya beringi. Uchezaji ukitoweka breki inapokanyagwa, beringi ndiyo iliyolegea. Ukibaki, tafuta kwenye bolijointi, kwenye bushi au kwenye mauntingi ya shokapu. Kipimo hiki kinahitaji watu wawili na dakika mbili, bila mashine yoyote.

Sasa shika kushoto na kulia, utikise kama unayekata usukani. Uchezaji wa hapa mara nyingi ni wa tairodi endi au raki endi. Mwambie mwenzako aziguse kwa vidole moja baada ya nyingine huku ukitikisa. Iliyokwisha huhisiwa ikigonga mkononi.

Beringi iliyoharibika huweza kuvuma kabla haijaanza kucheza, kwa hiyo usiiachie kwa sababu tairi halikutikisika. Weka gia nyutro, zungusha tairi kwa mkono mmoja na mkono mwingine uweke juu ya springi. Springi hupokea mtetemo kutoka kwenye naki. Beringi nzima huzunguka kimya, mbovu hukwaruza, na ukwaruzaji huo unaupata kiganjani hata kama sikio halijausikia. Linganisha na upande wa pili kabla ya kuamua.

Inapogonga badala ya kuvuma

Miguu ya mbele hutoa pia sauti nyingine, ile ya kugonga. Hapo beringi husingiziwa mara nyingi. Swali la kumuuliza dereva ni moja: inagonga wakati gani?

Ikigonga ko-ko-ko kwa mwendo mdogo kwenye vishimo vidogo, hasa tairi moja likishuka na jingine likipanda, anzia kwenye stebilaiza linki. Ni spea ndogo, yenye vichwa viwili, na kwenye barabara za vumbi huisha mapema kuliko nyingine. Ikitoa mlio mmoja mzito, ko, unapokanyaga breki au unaporudi nyuma, tazama bushi za wishboni. Mpira ukichanika, wishboni husogea mbele na nyuma. Ikilia ka-ka-ka unapokata kona huku unavuta moto, hiyo ni sivi jointi. Utakuta kifuko chake cha raba kimepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Usukani ukikwama kidogo kisha ukaachia kwa mlio wa springi gari likiwa limesimama, angalia mauntingi ya juu ya shokapu. Mlio wa kutikisika ukikoma ukigusa breki kidogo tu, kagua padi na kalipa kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Shokapu iliyokufa huacha gari likinesa baada ya tuta na huvuja mafuta mwilini mwake. Madhara yake hayaishii kwenye starehe. Tairi linalorukaruka haliishiki ardhi, breki hupungua nguvu, na kila kishindo ambacho shokapu ingekimeza hupokewa na bushi, bolijointi na beringi.

Katika vyote hivyo, bolijointi ndiyo isiyovumiliwa hata siku moja. Hufanya kazi ya nyonga: hushikilia mguu na huuruhusu kugeuka. Ikichomoka, tairi hulala chini ya gari na usukani haumtii dereva tena. Anayepita na mzigo wa watu kwenye barabara kuu ya Bunda akijua bolijointi yake imeachia, anacheza na roho za watu.

Presi na nyundo

Tuseme uchunguzi umekamilika na beringi ya Probox imethibitika kuwa mbovu. Inanunuliwa mpya. Kinachofuata, katika gereji bubu nyingi, ni nyundo na kipande cha bomba. Beringi inaingia, gari linatoka, mvumo umekwisha. Baada ya muda mfupi mvumo unarudi, na spea inatukanwa kuwa feki.

Pengine si feki. Beringi hii hushindiliwa kwa kubana sana ndani ya naki, na kanuni ya kuishindilia ni nyepesi kuisema: inapoingia kwenye naki, nguvu iwe kwenye pete ya nje, habu inapoingia kwenye beringi, pete ya ndani ndiyo iegemezwe. Ukigeuza mpangilio huo, nguvu yote hupita kwenye gololi. Gololi huacha vishimo vidogo kwenye njia zake, visivyoonekana kwa macho wakati wa kufunga. Kila mzunguko baada ya hapo gololi hupita juu ya vishimo hivyo na kuvikuza. Nyundo hufanya hivyohivyo, na huongeza kosa la kuiingiza beringi kwa upande.

Presi ya mkono ya tani kadhaa huondoa shida hiyo. Gereji ndogo ya Kigera isiyo na presi haina haja ya kukataa kazi. Fundi hufungua naki nzima, huipeleka kwenye karakana mjini yenye presi, kazi hufanyika mbele ya macho yake, kisha hurudi kufunga. Malipo ya kushindilia ni madogo kuliko kununua beringi ya pili.

Yapo mengine ambayo fundi makini hayaruki. Nyumba ya beringi kwenye naki husafishwa kutu na kukaguliwa kama ina mikwaruzo. Pete ya kufungia hurudishwa kwenye mfereji wake. Kwenye magari yenye ABS inayosoma sumaku iliyomo pembeni mwa beringi, upande wa sumaku sharti utazame sensa. Ukigeuzwa, taa ya ABS huwaka na kazi yote inarudiwa. Nati ya ekseli hukazwa kwa spana ya kipimo. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo hicho huzidi Nm 200, na gari halishushwi chini wala kusukumwa kabla nati haijakazwa.

Kwa Hiace mambo ni tofauti. Roli hujazwa grisi mpya kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Pete ya nje hubadilishwa pamoja na roli zake, kwa kuwa roli mpya haikai vema kwenye njia iliyolika. Nati hukazwa huku habu ikizungushwa ili roli zikae, hulegezwa, kisha hukazwa taratibu hadi uchezaji uishe na habu izunguke kwa wepesi, na pini mpya huwekwa. Nati iliyokazwa kwa nguvu zote huunguza beringi.

Na bushi za wishboni nazo zina siri yake. Bolti zake hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, mpira hushikwa katika hali isiyo yake. Gari likishushwa hujipinda, na huishi umejipinda hadi uchanike. Fundi akisema bushi za siku hizi hazidumu, muulize alizikaza gari likiwa wapi. Baada ya kugusa wishboni, tairodi au bolijointi, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, ama sivyo litaanza kula tairi.

Soma beringi iliyotolewa

Usiitupe beringi ya zamani. Omba uoneshwe, maana inaeleza kilichoiua. Grisi ikiwa na rangi ya maziwa na pete zikiwa na madoa ya kutu, maji yaliingia. Chuma kikiwa na rangi ya bluu au kahawia, iliungua kwa kukosa grisi au kwa kukazwa kupita kiasi. Vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa, inayolingana na nafasi ya gololi, ni alama ya nyundo au ya kishindo kikali cha shimo. Magamba yaliyobanduka sehemu inayobeba uzito husema habari za mzigo na umri.

Maji yanastahili onyo la pekee kwa mji ulio kando ya Ziwa Viktoria. Gari linalotoka safarini habu zikiwa za moto, likaingizwa ziwani kuoshwa, hupoa ghafla. Hewa iliyomo ndani ya habu husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Kwa Hiace yenye sili iliyochoka, hilo linatosha kuharibu grisi. Liache gari lipoe, na lioshwe kwa ndoo mbali na ziwa. Ziwa lenyewe halihitaji mafuta yetu.

Dukani na shuleni

Spea bandia zipo, na Tume ya Ushindani imepewa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 kazi ya kupambana nazo. Mnunuzi naye ajilinde. Beringi halisi ina namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi pekee. Namba kama DAC38740036 inasomeka: kipenyo cha ndani milimita 38, cha nje milimita 74, upana milimita 36. Nenda dukani na namba ya ile ya zamani, linganisha vipimo, dai risiti. Beringi ya mtumba usiinunue kamwe. Ukilazimika kuchukua naki nzima ya mtumba, izungushe kwa mkono hapohapo dukani, ikikwaruza iache.

Mafundi wetu wengi walijifunzia chini ya mwembe wa gereji, kwa kumtazama fundi mkuu, na mikono yao ina ujuzi wa kweli. VETA, ambayo ina chuo hapa Musoma, ina mpango wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa namna hiyo uliopatikana nje ya darasa. Fundi anayejua kutofautisha bolijointi na beringi kwa mguu wa mwenzake juu ya breki anastahili cheti, na akikipata atastahili pia kukopesheka anunue presi yake. Manispaa zinazotenga mikopo ya vikundi vya vijana zingefanya vema kuviangalia vikundi vya mafundi kwa jicho hilo.

Lakini jukumu si la fundi peke yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Ukaguzi wa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ni wa mara moja kwa mwaka, nayo beringi inaweza kuanza kuvuma kesho yake. Ukaguzi wa kila siku ni wa dereva, na dereva hawezi kuufanya ikiwa bosi humkata hesabu kila anapolipeleka gari gereji. Mwenye gari akubali kupoteza nusu siku ya hesabu. Fundi akatae kufungua boksi la spea kabla ya kutikisa tairi. Abiria anayesikia mvumo kutoka Kigera hadi Bunda amwambie dereva, na akipuuzwa, ateremke apande gari jingine. Nauli ndiyo lugha ambayo kila mwenye gari anaielewa.